Msikilize Mpiga Mbiu wa Tumboni

Wadogo zangu, leo barazani kwa dada yenu tunaongea habari za tumbo. Vuteni mkeka mkae vizuri, kwa sababu jambo hili lina muda mrefu moyoni mwangu, na barua niliyoipokea imelitoa.

Barua imetoka Kiwangwa, kule tunakopita tukitoka Bagamoyo kwenda Msata, barabarani mananasi yamepangwa kama minara. Jina la mwandishi nimelificha. Anasema hivi:

"Dada, shikamoo. Nina miaka 36 na watoto watatu. Mume wangu analima mananasi, mimi nauza juisi barabarani. Mwezi uliopita walipita watu wa afya wanapima bure, wakanitoboa kidole wakasema sukari yangu ni 8.4, na nilikuwa sijala kitu tangu usiku. Wakaniambia niende kituo cha afya. Sijaenda, naogopa. Mama yangu alikuwa na sukari, nilimuuguza mpaka mwisho. Sasa kuna dada mmoja wa Dar anaweka kwenye status sindano ya kupunguza mwili na kushusha sukari. Anasema imetoka Ulaya, unajichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki. Mume wangu amekubali tuuze mananasi ya msimu huu tupate hela ya sindano. Majirani wananiambia niache nanasi kabisa, na ndiyo kazi yangu. Mama mkwe naye anasema nimelogwa. Dada, nishike lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale uliposema "naogopa". Tutaanzia hapo hapo.

Hukulogwa, na wala hujachelewa

Kwanza hiyo 8.4. Mtu ambaye hajala chochote kwa saa 8 au zaidi, sukari yake ikifika 7.0 au kupita, wataalamu wanasema hicho ni kiwango cha kisukari. Lakini kwa mtu asiye na dalili, kipimo kimoja hakitoshi kumpa jina la ugonjwa. Lazima kirudiwe siku nyingine. Kwa hiyo mpaka leo hakuna aliyekuambia kwa uhakika kwamba unaumwa. Ulichoambiwa ni kwamba mlango umegongwa. Kipimo kimoja hakikupi jina la mgonjwa, lakini kinatosha kabisa kukupandisha bodaboda ukarudie.

Pili, habari ya kulogwa. Mama mkwe mheshimu, usibishane naye jikoni. Ila wewe ujue hili. Miaka ya 1980 madaktari wetu, akina Donald McLarty na Andrew Swai na wenzao, waliwapima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989: waliokuwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila watu 100. Mwaka 2012 ukafanyika upimaji wa taifa zima, mijini na vijijini, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii walikuwa kama watu 9 katika kila 100. Kweli, vipimo hivyo viwili havikufanana kwa umri wala mahali, huwezi kuviweka kwenye mzani mmoja. Lakini kila mwenye macho barazani anaona safari tuliyokwenda. Ndani ya miaka hiyo tumebadili sahani, tumebadili kikombe, tumebadili na mwendo wa miguu. Bibi yako alikwenda shamba kwa miguu na kurudi kwa miguu, akala ugali wa mahindi yaliyotwangwa nyumbani. Wewe unakaa kibandani kutwa nzima, soda iko mkononi.

Na ukoo wako unahesabika pia. Mama yako alikuwa nacho, kwa hiyo wewe uko karibu nacho kuliko jirani. Hiyo ni damu, si uchawi. Maana yake uanze mapema.

Mbiu inapolia

Sasa nikupeleke ndani ya tumbo lako, maana hiyo sindano unayouziwa imeigizwa kutoka humo humo.

Wahenga wa pwani walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani mpiga mbiu akipita na pembe yake, kila nyumba inasimamisha shughuli na kusikiliza. Basi ndani ya utumbo wako yuko mpiga mbiu. Ni kiprotini kidogo sana, kamba fupi ya asidi amino 30 tu, iliyokatwa kutoka kwenye protini ndefu zaidi. Wataalamu wanakiita GLP-1.

Tuseme umekaa mkekani. Umemega tonge la dona, umelibonyeza kwa kidole gumba, umechota matembele na kipande cha kibua. Umetafuna, umemeza. Chakula kinafika tumboni, kinasukwasukwa mpaka kinakuwa kama uji. Kisha tumbo linakiachia kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba. Kwenye kuta za utumbo huo, katikati ya seli zinazonyonya chakula, zimetawanyika seli chache za pekee. Kazi yao ni kuonja. Zinazidi kuwa nyingi kadiri unavyoshuka chini, mwishoni mwa utumbo mwembamba na kwenye utumbo mpana. Chakula kikizigusa, zinamwachia mpiga mbiu aingie kwenye damu.

Naye anabisha hodi nyumba tatu. Kwenye kongosho anasema: sukari inakuja, toeni insulini, na ile homoni nyingine inayolichochea ini kumwaga sukari, inyamaze. Kwenye tumbo anasema: punguzeni kasi, msimwage chakula chote kwa pamoja. Kwenye ubongo anasema: imetosha, tumeshiba, weka mkono chini.

Tazama na hekima yake. Sukari ikiwa chini, hashurutishi kongosho kutoa insulini. Anapaza sauti pale tu sukari inapopanda. Na maisha yake ni mafupi mno: dakika kama 2 tu, na nusu ya jeshi lake imeshakatwa na kimeng'enya kinachozunguka kwenye damu kama mkasi. Ndiyo maana kila mlo lazima umwite upya.

Watu walichukua muda mrefu kumfahamu. Mwaka 1902, kule London, William Bayliss na Ernest Starling waligundua kwamba utumbo unaweza kulitumia kongosho ujumbe kwa njia ya damu. Mwaka 1964 watafiti wakaona jambo la ajabu: sukari ukiinywa kwa mdomo, mwili unatoa insulini nyingi kuliko ukitiwa sukari kwenye mshipa, hata kama sukari ndani ya damu inalingana. Kwa nini? Kwa sababu iliyopita mdomoni imepita utumboni, na utumbo umepiga mbiu. Mwaka 1987 ndipo makundi ya watafiti Marekani na Ulaya yalipoonyesha kwamba GLP-1 ndiye mmoja wa wapiga mbiu hao. Kati yao alikuwemo mwanamke, Svetlana Mojsov, ambaye kwa miaka mingi jina lake halikutajwa inavyostahili. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Joel Habener na Lotte Bjerre Knudsen. Nimemtaja makusudi, ili binti yako akikuuliza kama mambo haya ni ya wanaume peke yao, uwe na jibu.

Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, mawasiliano haya yanalegea. Yuko mpiga mbiu mwingine anayetoka juu zaidi, karibu na tumbo, anaitwa GIP. Kongosho la mwenye kisukari linakuwa kama kiziwi kwake. Lakini GLP-1 bado linamsikia, ila anatakiwa apaze sauti. Hapo ndipo watengeneza dawa walipopata mlango wa kuingilia.

Nataka ulishike hili, mdogo wangu, wewe na wote mnaoitwa walafi majumbani. Njaa na shibe zina wajumbe wao ndani ya damu. Mtu ambaye ubongo wake hausikii mbiu vizuri anaendelea kuwa na njaa ya kweli. Kumcheka mbele ya sahani hakutaipaza mbiu. Kutamfanya ale kwa kujificha, basi.

Nanasi halina kosa

Umeniuliza kama uache nanasi. Mimi nimekulia huko huko Kiwangwa, nimelelewa na mama yangu mdogo, na mikono yangu ina makovu ya majani ya nanasi mpaka leo. Siwezi kukuambia uligeuzie mgongo. Nitakuambia uangalie namna linavyoingia mwilini.

Jaribu kitu nyumbani. Chukua nanasi moja lililoiva, limenye, likate vipande, kula na kijiti, chumvi na pilipili kwa mbali. Utafika nusu tu, taya zimechoka na ulimi unawasha. Sasa chukua jingine kama hilo hilo, litie kwenye blenda, chuja, mimina. Utalinywa lote kabla bodaboda aliyeagiza hajamaliza kutafuta chenji. Tunda ni lile lile. Tofauti ni kwamba machicha yamebaki kwenye chujio, na kazi ya kutafuna umeifuta.

Hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 1977, Kenneth Heaton na wenzake wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu tofaa zima, tofaa lililopondwa, na juisi yake. Juisi ilinyweka haraka mara 11 kuliko tunda zima, ikashibisha kidogo kuliko vyote, na insulini ikapanda zaidi kuliko kwa tunda lenyewe. Kinywaji kitamu kinapita kwa kasi, sukari inafurika kwenye damu, na shibe haiji.

Nanasi lina sukari kama gramu 10 katika kila gramu 100 za nyama yake. Glasi ya juisi ya mililita 250, hujatia kitu, ina kama gramu 25. Hivyo ni vijiko vya chai 6. Na tunajua wote kwamba kwenye jagi la kibandani mkono huwa unaongeza sukari nyingine, kwa sababu wateja wamezoea hivyo.

Kwa hiyo kwako mwenyewe: kula vipande viwili vitatu baada ya mlo, utafune. Juisi iache. Kwa kazi yako: endelea kuuza. Weka meza ya vipande vilivyokatwa vizuri, ufunike nzi wasiguse. Juisi uiuze bila kuongeza sukari, anayetaka aombe. Utashangaa wangapi hawataomba.

Juisi ina siku yake lakini. Mtu anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, sukari inaweza kumshuka ghafla: anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kama bado anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya juisi upesi kisha mpelekeni kwa wataalamu. Ile kasi tuliyoilaumu, saa hiyo ndiyo inayookoa.

Mama mdogo

Naomba nikupe hadithi moja ya nyumbani. Mama yangu mdogo aliyenilea alianza kwa kiu. Alikuwa anaamka usiku mara nne kwenda chooni, na sisimizi wakawa wanajipanga pale anapokojoa. Shangazi zake walijua maana yake, wakampeleka kupimwa. Nesi aliyempokea akamfokea mbele ya foleni nzima: "Mnakula hovyo halafu mnakuja kutusumbua." Mama mdogo hakujibu. Akafunga kitenge vizuri, akachukua cheti chake, akarudi nyumbani. Hakurudi tena kwa miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu alikunywa juisi ya nanasi kila asubuhi, kwa sababu mtu alimwambia inasafisha damu. Alikunywa na majani ya kila aina. Siku moja akajikwaa kwenye kisiki shambani, akiwa na kandambili. Hakuhisi maumivu. Kidonda kidogo, kama punje ya mahindi, kilikaa chini ya kidole miezi miwili. Tulipomfikisha hospitali kidole kilikuwa kimekwisha. Wakakikata ili mguu upone.

Nakumbuka nilivyokuwa namwosha ule mguu kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni la bluu, naye ananiambia, "Ningerudi tu, mwanangu. Yalikuwa maneno tu." Wadogo zangu, maneno yale yaligharimu kidole. Nyinyi mlioko kwenye madirisha ya kupokea wagonjwa, mtafute namna ya kumwita mtu "mama" kabla hamjamwita mgonjwa. Na wewe uliyefokewa, rudi. Nenda siku nyingine, nenda na mtu, nenda kituo kingine, lakini rudi.

Namna ya kumwita mpiga mbiu jikoni kwako

Hapa sina siri za kuuza. Nina sahani tu.

*Anza na samaki na mboga, wali ufuate.* Mwaka 2016 watafiti wa Japani, Hitoshi Kuwata na wenzake, waliandika habari za watu waliopewa samaki kwanza, kisha wali baada ya dakika 15. Tumbo lilitoa chakula polepole zaidi, GLP-1 ikapanda, na sukari baada ya mlo ikapanda kidogo kuliko walipoanza na wali. Jamani, samaki na wali ni chakula chetu sisi! Kinachohitajika ni kubadili mpangilio. Kula samaki wako na mchicha wako, mpigie mtoto stori mbili, ndipo ugeukie wali. Na wali uwe wa mkono mmoja, siyo mlima.

*Kula polepole.* Mwaka 2010 kulikuwa na utafiti wa wanaume 17 waliokula aiskrimu ile ile, kiasi kile kile: siku moja kwa dakika 5, siku nyingine kwa dakika 30. Walipokula taratibu, mbiu ya utumbo ilikuwa na nguvu zaidi. Nasema hili hasa kwa futari. Adhana ikilia tunavamia: tende, uji wa sukari, viazi vya nazi, vitumbua, sambusa, vyote ndani ya dakika 10. Mbiu inalia tumeshamaliza. Mfungaji, fungua kwa tende moja na maji, kaswali, urudi ukae.

*Rudi kwenye dona, kunde, choroko, maharage, kisamvu, mlenda.* Nyuzinyuzi za vyakula hivi hazisagiki utumboni. Zinashuka mpaka utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanazichachusha, na asidi wanazotoa zinaziamsha zile seli zetu zinazopiga mbiu. Sembe nyeupe imevuliwa nguo zote hizo kinuni. Kisamvu cha nazi kipike, ila tui jepesi, na kisiwe pambo la pembeni. Kijaze nusu ya sahani.

*Chai iwe chai.* Anza kupunguza kijiko kimoja cha sukari kila wiki. Ulimi unajifunza. Wangu ulijifunza kwa mwezi mmoja na nusu.

*Ukimaliza kula, tembea.* Dakika 15 tu, mpaka kwa jirani na kurudi. Misuli inayotembea inachukua sukari kutoka kwenye damu.

Sasa hiyo sindano

Sindano yenyewe ni dawa ya kweli, na siwezi kukuambia uongo ili kukutisha. Watafiti walichukua umbo la GLP-1, wakalibadili kidogo ili ule mkasi wa kwenye damu usilikate upesi. Badala ya dakika 2, dawa kama semaglutide inakaa mwilini wiki nzima. Kwa kisukari imeidhinishwa Marekani tangu mwaka 2017, kwa jina la Ozempic. Inashusha sukari, inapunguza mwili, na kwa baadhi ya watu inalinda moyo na figo. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza yenyewe na ndugu zake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili walio pia na unene uliopitiliza na ugonjwa wa moyo au wa figo. Ni neema kwa wanaoihitaji, na natamani siku moja ifike vituo vyetu kwa bei ya mkulima.

Lakini unayouziwa wewe kwenye status siyo habari hiyo.

Dawa hii kabla haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Yule dada wa Dar anakutumia kwa basi, ndani ya kimfuko, kwenye jua letu? Mwaka 2023 Austria watu kadhaa walilazwa hospitali baada ya kujichoma kalamu zilizodhaniwa kuwa Ozempic bandia. Sukari yao ilianguka vibaya, na wataalamu wakaona dalili kwamba ndani yake kulikuwa na insulini. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwa dunia nzima kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia zimepenya huko, status ya WhatsApp ina mlinzi gani? Sisi tuna mlinzi wetu, TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba. Dawa ya kweli inapita kwake, kisha kwa daktari, kisha kwenye famasia yenye kibali.

Halafu kuna mambo muuzaji hakuambii. Inaleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Haifai kwa mjamzito, na wewe una miaka 36, mlango wa uzazi bado uko wazi. Ukipungua, misuli nayo inapungua. Na ukiiacha, sehemu kubwa ya uzito inarudi: katika utafiti mmoja mkubwa, mwaka mmoja baada ya kuacha, watu walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa hiyo mananasi ya msimu mmoja hayanunui dawa hii. Yanakununulia miezi michache, kisha njaa inarudi na shamba halina kitu.

Na sikia hili, maana linanifurahisha kila nikilisema. Kile kidonge cha metformini, cha bei nafuu, ambacho huenda ndicho utakachopewa kituoni ikithibitika una kisukari, nacho kinaongeza GLP-1 inayotoka utumboni mwako, juu ya kazi yake nyingine ya kulizuia ini lisimwage sukari. Kimeze pamoja na chakula, maana mwanzoni kinaweza kuvuruga tumbo. Wengi hutulia baada ya wiki chache. Watu wanakidharau kwa sababu hakina sifa za Instagram. Mimi nimeona kinavyowaweka watu shambani wakiwa na miguu yote miwili.

Wala usione kumeza dawa ni kushindwa. Kuna wanaotengeneza sahani vizuri na sukari bado inabaki juu, kwa sababu kongosho limeshachoka. Sahani na dawa hufanya kazi pamoja kama jembe na mpini.

Basi, nenda

Mdogo wangu wa Kiwangwa, fanya hivi. Chagua siku wiki hii. Usiku wake kula mapema, kisha usile wala kunywa kitu isipokuwa maji. Asubuhi, kabla hujamenya nanasi la kwanza, mwachie kijana kibanda na uende kituo cha afya na mumeo. Waambie, "Nilipimwa nikiwa na njaa, ilikuwa 8.4, naomba kurudia." Waombe wakupime na presha, waangalie mkojo na miguu. Ukipewa dawa, uliza inaitwaje na inamezwa saa ngapi. Kama neno hulielewi, waulize tena mpaka ulielewe. Hiyo ni haki yako.

Mume wako mwambie dada amemshukuru. Mwanaume anayekubali kuuza msimu wake kwa ajili ya afya ya mkewe ni mume. Hela hiyo aiweke. Itawalipia nauli ya kliniki, samaki wa kila wiki, na viatu vya kufunika vidole, vya kwako na vya kwake, vya kuingilia shambani.

Na jioni ya siku hiyo, mkiketi kula, anza na samaki. Tafuna. Subiri. Kuna mpiga mbiu mdogo anapita humo ndani, tangu ulipozaliwa hajawahi kukukosa hata mlo mmoja. Mpe nafasi ya kusikika.

Kisha niandikie. Sihitaji kujua umepungua kilo ngapi. Niandikie kwamba ulikwenda.

Ni mimi dada yenu.